Mbwa Asiyelipiwa Kuku

Siku ile Nerima alitoka kwake Masinya jua likiwa limeshaelemea magharibi, kuku wa madoadoa kwapani, anaelekea Sikuda kwa mjane Selpher. Haikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho. Unafika, unabisha, unatoa kuku, unashukuru, unarudi kupika.

Laiti angefika. Mimi leo nisingekuwa na la kusimulia, na nyinyi mngelala vizuri.

Huku kwetu mbwa hatolewi bure. Mbuzi utapewa, hata ng'ombe utapewa, lakini ukichukua mbwa wa mtu ni lazima upeleke kuku, na mwenye mji ampokee kwa mkono wake mwenyewe, mlangoni kwake. Hapo ndipo mbwa anapojua kwamba amehama. Hata ndugu wa tumbo moja hufanya hivyo. Ukiuliza sababu, watu watakukodolea macho kama umeuliza kwa nini maiti huzikwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa marehemu Bartholomew, mume wa Selpher. Edgar, mume wa Nerima, alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi, na tuseme ukweli, alikwenda kuchimba kwa sababu wachimbaji hupewa pombe ya malwa. Edgar alikuwa mlevi. Mchana alibeba magunia ya mahindi kwa baiskeli, akiyavusha kuingia Kenya. Jioni alikaa kwa Mama Syprose, chungu cha pombe katikati, mrija mdomoni, mpaka miguu imkatae. Shamba lake lilikuwa pori tupu. Lakini hakuwa mtu mbaya, hilo mlishike. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Akirudi amelewa alijilaza kizingitini, akaweka kichwa juu ya mguu wa mkewe, akasema, "Mama Barbara, nisamehe." Kisha usingizi palepale. Nerima alimtukana mpaka akachoka, lakini mguu hakuuondoa.

Sasa, tangu siku ya mazishi mbwa huyo alilala juu ya udongo wa kaburi akakataa kutoka. Mbwa wa rangi ya majivu, sikio moja limekatwa, habweki. Aliwauma watu watatu, na mmoja wao ni shemasi. Jina lake hakuna aliyelijua, maana Bartholomew alimwita kwa mluzi tu. Siku ya kumaliza matanga watu wakasema apigwe mawe afe. Edgar, malwa kichwani, akasema hapana, huyu naye amefiwa. Akamnyooshea mkono. Mbwa akamnusa vidole kimoja kimoja, akasimama, akamfuata mpaka Masinya.

Ndiyo maana ya kuku.

Lakini Nerima alipofika njia panda, akamtazama kuku wake. Kuku yule alitaga karibu kila siku. Mayai yake ndiyo yaliyoleta chumvi na sabuni, ndiyo yaliyomnunulia kalamu Barbara, binti yao wa miaka minane. Nerima akawaza: mume anywe yeye, kuku nitoe mimi? Tena kwa mbwa anayeuma mashemasi? Hasira zikampanda. Akakata kona, akamficha kuku kwa shoga yake Mable, akapiga soga huko mpaka mbu walipoanza kuuma, akarudi nyumbani.

"Umempa?" Edgar akauliza.

"Nimempa."

"Akapokea na mkono wake?"

"Na mkono wake. Unataka nikuapie?"

Mbwa alikuwa amelala kando ya jiko. Akainua kichwa, akamtazama Nerima. Hakuyaondoa macho mpaka yeye alipoingia ndani.

Alikuwa balaa, mbwa yule. Chakula cha mkono wa Nerima hakugusa. Mtu akipita njiani hakubweka, alimwendea kimya kimya tu, na hapo ndipo ulipojua una mbio kiasi gani. Huku kwetu mbwa hupewa jina la kumpiga jirani kijembe, ndiyo magazeti yetu. Edgar akamwita Waache Waseme. Mbwa hakugeuka. Akamwita Mtachoka. Wapi! Barbara akamjaribia majina ya darasa lake lote, akahamia kwa mitume. Lile sikio zima halikutikisika hata mara moja.

Na jioni ya kwanza Edgar aliposhika njia ya kwa Mama Syprose, mbwa akamtangulia, akasimama katikati ya njia, akatoa meno. Edgar akacheka, akataka kumpita. Akaumwa mguu mpaka damu ikajaa kiatu. Jioni ya pili, vilevile. Jioni ya tatu Edgar hakujaribu. Alikaa nyumbani anatetemeka, jasho linamtiririka, akiita chungu kama mtu anayeita mama yake. Alfajiri mbwa akamvuta blanketi. Edgar akaamka, akachukua jembe.

Mnacheka? Nerima pia alicheka.

Msimu mmoja tu, lile pori likawa mahindi na ufuta. Edgar akanunua mabati, akaezeka nyumba. Kanisani akasimamishwa mbele ya watu, wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Syprose akalalamika sokoni kwamba mbwa amemvunjia biashara. Nerima akamrudisha kuku wake kutoka kwa Mable, akamwambia mumewe kwamba amenunua mwingine wa kufanana naye. Alikuwa na furaha, kwa nini asiwe nayo? Miaka kumi alimwomba Mungu ampe mume asiye na macho mekundu, na sasa alikuwa naye.

Kisha kikaja kikohozi.

Ilikuwa saa ya kuwasha taa. Nerima ameketi ndani anachambua maharage. Nje ya mlango akasikia...

Khuh. Khuh. Khuh.

Kikavu. Polepole. Mara tatu.

Mikono ikamganda ndani ya ungo. Kikohozi kile nani hakukijua, Sikuda yote na Masinya yote? Bartholomew hakuingia nyumbani kwake kabla ya kukohoa hivyo, ili mkewe awe amesimama mlango ukifunguka.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Edgar, na mbwa miguuni pake.

"Mbona umekaa?" akasema.

Nerima akadhani ni mzaha. Akacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akabaki amesimama pale mlangoni, hana haraka, mpaka Nerima mwenyewe akaona miguu yake inamwinua.

Tangu siku ile mambo yakawa yanaingia moja moja. Harufu ya tumbaku mbichi kwenye shati, na Edgar hakuwahi kuvuta maishani mwake. Mluzi wa kuita mbwa, mwembamba, wa kupitishia menoni, ambao hakuna aliyemfundisha. Akaacha kumwita Nerima Mama Barbara. Akaacha kumwita jina lolote. Na ile mipira ya baiskeli aliyofungia magunia, mmoja akaanza kutembea nao mkononi, anauzungusha kwenye ngumi, anaufungua, anauzungusha tena.

Jioni moja Barbara alikuwa anaandika kazi ya shule karibu na taa. Edgar akamtazama sana, kichwa upande.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Baba!" Barbara akacheka. "Ni mimi."

"Nimeuliza, ni wa nani? Mimi sina mtoto."

Na kweli, Bartholomew alikufa bila mtoto.

Nerima akamchukua binti yake usiku uleule wakalala wote wawili jikoni, mlango umeegemezwa kinu. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na hasira na yule aliyekuwa akimwogopa, na chini ya yote hayo kulikuwa na kuku. Kila alipofumba macho alimwona kuku.

Kesho yake, wakati wa kula, mwanamume akasukuma sahani pembeni.

"Lete mkono."

Nerima akatoa.

"Sio huo. Wa kushoto."

Akautoa wa kushoto. Mwanamume akavishika vidole viwili vya mwisho, kidogo na jirani yake, akavikunja, akavinyoosha, taratibu kabisa, kama fundi anayepima bawaba. Kiganja chake kilikuwa baridi na kilinuka udongo uliolowa.

Akamwinamia. Akanong'ona.

"Vidole hivi vilinyooka lini?"

Mnamjua Selpher? Basi tazameni mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vimepinda kama ndoana. Bartholomew alivivunja kwa mchi wa kinu, mwaka ule maji ya kuoga yalipopoa kabla hajarudi. Wote tulijua. Na siku ya mazishi tulisimama mmoja mmoja tukasema marehemu alikuwa mtu wa msimamo. Aibu yetu.

"Baba Barbara," Nerima akasema. "Mimi ni Nerima. Mke wako."

Akamwachia mkono. Akatabasamu.

"Tutavirudisha," akasema.

Kesho yake Nerima alingoja. Kila jioni mwanamume yule alizunguka mipaka ya shamba na mbwa wake, na huo ndio muda pekee ambao uwanja ulibaki wazi. Akampeleka Barbara kwa Mable. Akamkamata kuku wa madoadoa, yuleyule, akamtia kwapani, akashika njia ya Sikuda. Safari hii njia panda aliipita mbio.

Alimkuta Selpher uani anapepeta mtama, redio inaimba, yeye anaitikia. Alikuwa amenenepa. Amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Alipomwona kuku, wimbo ukamkatikia mdomoni.

"Unataka nini na hiyo kuku, Mama Barbara?"

"Nimekuletea. Ya mbwa. Nimechelewa, unisamehe, mama."

Selpher akaweka ungo chini. Akapeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto anayekataa dawa.

"Rudi nayo."

"Mama, nakuomba..."

"Nimesema rudi nayo! Miezi mitano! Sasa ndio unakumbuka?"

Nerima akapiga magoti. Akamweleza yote: kikohozi, mpira, mtoto, vidole. Selpher alisikiliza bila kushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Nerima kuliko yote.

"Baada ya kumzika," Selpher akasema kwa sauti ya chini, "alikuwa anarudi. Kila jioni, saa ya taa. Khuh, khuh, khuh, hapo mlangoni. Mbwa anainuka, anamkimbilia, mkia unacheza. Nafungua, hakuna mtu. Hivyo mpaka Edgar wako alipoondoka na mbwa. Jioni ile, kimya. Ya pili, kimya. Nikakaa nangoja kuku yako, siku tatu nangoja, haikuja. Nikaelewa. Mbwa bado ni wake. Mbwa akilala kwako, basi yeye kwake ni kwako." Akacheka, kicheko kibaya. "Ungeileta siku ile, mbwa angekuwa wenu na yeye angebaki hapa na mimi. Ulinifaa sana, Mama Barbara. Mimi kanisani nakuombea kila Jumapili."

"Mpokee, haki ya Mungu. Mume wangu anakwisha."

"Mimi wangu niliishi naye miaka ishirini na nane. Wewe miezi mitano umeshachoka?" Akageuka kuingia ndani.

Hapo Nerima hakuwaza. Alisimama, akamshika kuku kwa mbawa, akamrusha.

Kuku akapiga kelele, akaruka na manyoya yake yote, akamvaa Selpher kifuani. Na mtu aliyefuga kuku tangu utoto, kuku akimrukia, mkono haungoji ruhusa. Hudaka.

Selpher akadaka.

Wote wawili wakasimama kama waliopigwa picha. Redio iliendelea kuimba. Kuku akatulia mkononi, juu ya vile vidole viwili vilivyopinda, mlangoni hasa.

"Umempokea," Nerima akasema.

Selpher akamwachia kama kaa la moto. "Sijampokea! Sijampokea, Yesu shahidi wangu!" Akaanza kulia, akimfukuza kuku kwa mguu, na kuku akaingia ndani ya nyumba, akajilaza chini ya meza kama aliyezaliwa pale. "Nerima, umefanya nini! Hapa alikuwa kikohozi tu! Hakuwa na mikono! Wewe umempa mikono!"

Nerima alikuwa ameshaanza kukimbia. Maneno yale yalimfikia mgongoni, na hakuyaelewa. Alichoelewa ni kimoja: kuku amepokelewa. Mbwa sasa ni wao, na kile kisicho chao kitarudi kilikotoka. Alikimbia anacheka na kulia. Atanunua chungu kizima cha malwa, aliapa. Atamwekea Edgar mrija mdomoni yeye mwenyewe. Anywe mpaka aanguke, mradi aanguke kwake.

Giza lilikuwa linashuka. Mbele, njiani, mtu anakuja.

Alimjua kwa mabega. Nani asiyejua mabega ya mumewe? Alikuwa peke yake. Mbwa hakuwapo. Na moyo wa Nerima ukaruka kwa furaha, maana hata mbwa alikuwa amemwacha.

"Baba Barbara!"

Alikuja kwa mwendo wake, wala hakukaza wala hakulegeza. Nerima akamfikia, akamshika shati.

"Baba Barbara, yamekwisha. Nimempeleka kuku. Twende nyumbani, nimekusamehe yote, twende."

Mwanamume akamtazama. Akauondoa mkono wake kwenye shati, kwa adabu kabisa, kama unavyomwondoa mgeni aliyekufananisha njiani.

"Mama, niache nipite," akasema. "Mke wangu ananingoja."

Kwenye ngumi yake mpira wa baiskeli ulikuwa umezungushwa mara tatu.

Akampita. Nerima alibaki pale akimsikiliza anavyokwenda. Nyayo zikapungua. Kisha, mbali, kwa upande wa nyumba yenye redio...

Khuh.

Khuh.

Khuh.

Redio ikazimwa.

Watu wa huku watakwambia Edgar alitajirika kidogo akamkimbia mkewe, akahamia kwa mjane kwa tamaa ya shamba. Wanapenda kusema hivyo, inawalaza usingizi. Ndugu zake walikwenda Sikuda kumchukua, wakarudi hawasemi. Mimi mwenyewe nimemwona akilima pale, analima vizuri kabisa. Nikamwita Edgar, mara mbili. Aliendelea kulima. Selpher haji sokoni siku hizi. Mara ya mwisho alipokuja, mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

Lakini mimi nilikuwa nasimulia jioni ile.

Nerima alimpitia Barbara kwa Mable, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Uwanja ulikuwa mtupu. Yule mbwa wa rangi ya majivu amelala kizingitini, pua juu ya miguu, hatazami mtu.

"Baba yuko wapi?" Barbara akauliza.

Kisha akaenda mpaka ukingo wa uwanja, akageukia njia iliyokuwa imeshaingia giza, akaweka viganja mdomoni.

"Baba! Baba eee!"

Kizingitini, lile sikio zima likasimama.

Nerima aliliona. Miezi mitano mbwa yule aliitwa kila jina chini ya jua na hakugeuka.

"Usiite tena," akanong'ona. "Barbara, nyamaza."

"Baba eee!"

Mbwa akainuka. Alishuka kizingiti akiyumba, miguu ya nyuma inapishana, kichwa chini, kama kiumbe anayejua amechelewa na amekosa. Akampita mtoto, akamgusa kidogo kwa ubavu. Akaja mpaka aliposimama Nerima. Alinuka malwa. Akajilaza, akaweka kichwa juu ya mguu wake, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho.

Nerima alimtukana. Alimtukana kwa kila tusi alilolijua, machozi yakimdondokea mbwa kichwani, mpaka akachoka.

Lakini mguu hakuuondoa.